Seremala ametaja bei mara mbili ya kabati za dukani: tunalipia nini hasa?

Swali la msomaji: "Fundi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunakarabati nyumba tuliyoinunua, ina umri wa miaka kama 30. Jikoni tumebomoa kila kitu, chumbani tunataka kabati la nguo, na chini ya ngazi kuna uwazi wa pembetatu ambao hatujui tuufanyie nini. Seremala alikuja, akapima, akatutajia bei karibu mara mbili ya makabati yaliyo tayari dukani. Mume wangu anasema kabati ni kabati, boksi lenye mlango. Mimi roho inasita. Ukuta wa jikoni una sentimita 287 chini na 284 juu, na dari iko sentimita 270. Je, kazi ya kuagiza inalipa kweli? Tukija kuuza nyumba, pesa hiyo itarudi? Halafu tuna milango miwili mizito ya mbao ya zamani tuliyoing'oa, fundi wa ujenzi anataka kuipasua kuni."

Marahaba, dada. Msalimie shemeji, umwambie yuko sahihi nusu. Kabati kweli ni boksi lenye mlango. Nimetengeneza maboksi hayo zaidi ya miaka 20 na sijagundua siri nyingine ndani yake: mbao mbili za kusimama, moja ya chini, vipande viwili vya kushikilia juu, mgongo, mlango, basi. Kiwanda kinakata boksi hilo kwa mashine, na pembe zake mara nyingi zimenyooka kuliko zangu. Kama mnachohitaji ni boksi, nendeni dukani, mtapata zuri na mtalipata wiki hii hii.

Nusu anayokosea shemeji ni hii: seremala anayejua kazi yake anauza kipimo. Mbao ni kisingizio tu cha kukiuza. Kwa hiyo swali lenu la bei linageuka kuwa swali jingine: ni wapi ndani ya nyumba yenu kipimo cha kiwanda kinatosha, na ni wapi hakitoshi? Mkishajua hapo, mtamlipa seremala kwa sehemu moja na duka kwa sehemu nyingine, na hesabu yote itashuka.

Tuanze na ukuta wenu wa jikoni, kwa kuwa umenipa namba. Boksi halipindi, kwa hiyo ukuta wa 287 chini na 284 juu kwa kabati ni ukuta wa 284. Maduka yanayouza kwa hatua za sentimita 15, yaani 30, 45, 60, 75, 90, yatawafikisha 270, na zitabaki 14 za kuziba kwa kipande cha ubao. Hizo 14 si haba. Kwa kina cha 60 na kimo cha kabati la chini, ni kama lita 65 za nafasi mnazozizika nyuma ya kipande. Seremala anaweka hapo droo nyembamba ya kusimama, ya sinia na chupa. Lakini mkipata duka lenye upana wa 40 na wa 80, mnaweza kufika 280, na pengo la 4 kila ukuta unalihitaji ili mlango wa mwisho ufunguke bila kugonga lipu. Kwenye upana, basi, shemeji anaweza kushinda.

Kwenye kimo hashindi. Kaunta iko 90, juu yake mnaacha 50 hivi ili mtu asigonge kichwa na vyombo vipite, kisha kabati la juu la kawaida lina kimo cha 70. Jumla 210. Dari yenu ni 270. Zinabaki sentimita 60 za kukusanya vumbi lililochanganyika na mvuke wa mafuta, uchafu mgumu kuliko wote ndani ya nyumba. Piga hesabu: 284 kwa 60 kwa kina cha 30 ni zaidi ya lita 500. Hiyo ni nafasi kama ya friji kubwa la familia, na mmeshailipia mliponunua nyumba. Mambo mnayotumia mara mbili kwa mwaka yana mahali pa kukaa hapo, kama kabati litafika darini.

Na kufika darini ndiko kunakohitaji mkono wa mtu. Nikueleze kinachofanyika, maana ni kazi isiyoonekana ikishakwisha na ndiyo sababu watu huiona bei kama wizi. Chukua ubao mrefu ulionyooka, usimamishe kwa pimamaji kando ya ukuta wowote wa nyumba ya miaka 30. Utaona mwanga kati yao: hapa kidole kinapita, pale hata wembe haupiti. Fundi anakata kijipande cha mbao chenye unene wa pengo lililo kubwa kuliko yote, anakibana pamoja na penseli, anakiburuza ukutani kuanzia juu hadi chini. Penseli inanakili kwenye ubao kila tumbo na kila bonde la lipu. Kisha anaukata na kuuranda hadi kwenye mstari, huku msumeno ukilala kidogo kwa ndani ili ukingo wa mbele peke yake ndio uguse ukuta. Ubao ukirudishwa, ukuta mbovu unaonekana umenyooka. Hata lile pengo la 4 nililompa shemeji, kwa ukuta wenu litakuwa 4 juu na 7 chini. Mkilifunika kwa kipande kilichonyooka cha dukani, jicho la kila mgeni litakwenda hapo hapo.

Kuna kipimo kingine ambacho seremala wenu angepaswa kuwa alikichukua, na kama hakukichukua, muulizeni: kipimo cha mwili wako. Kaunta za kiwanda zinalenga 90 kwa sababu ndicho kimo kinachowaudhi watu wachache zaidi. Simama na viatu unavyovaa jikoni, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kiwiko, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo unapopaswa kukata vitunguu. Mtu wa sentimita 152 atapata kitu kama 83. Mtu wa 180 atafika karibu na mita moja. Na sinki ni jambo la pembeni lakini linaumiza migongo mingi: mikono haifanyi kazi juu ya sinki, inafanya kazi kwenye sakafu yake, sentimita 18 au 20 chini. Nikipewa nafasi huinua sehemu ya sinki ikawa juu kidogo kuliko sehemu ya kukatia. Watu hushangaa wakiona kaunta yenye daraja, wakishaosha vyombo wiki mbili wanaacha kushangaa. Haki yao watu wa kiwanda niwape: makabati mengi ya dukani yana miguu ya kuzungusha, unaweza kupandisha au kushusha sentimita mbili tatu bila seremala.

Jiko la kujengea ukutani kama tunavyolijua lina mama yake, na historia yake inanisaidia kuwajibu. Mwaka 1926 mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba mpya za watu wa kipato cha kawaida mjini Frankfurt, Ujerumani. Chumba kilikuwa chembamba, kama mita 1.9 kwa 3.4. Alifuata tafiti za wakati wake zilizohesabu hatua na muda wa mtu anayefanya kazi, akapanga kila kitu kiwe karibu na mkono. Majiko kama 10,000 yalifungwa, yote kutoka kiwandani. Mtu angesema basi hoja ya seremala imekufa tangu 1926. Angalia tena, lakini: yale majiko yaliingia kwenye vyumba vilivyojengwa kwa ajili yake, chumba na kabati vilizaliwa pamoja. Mnaojenga upya mnaweza kufanya hivyo hata leo, mkamwambia mwashi asimamishe ukuta wa sentimita 300 kamili na mkanunua kila kitu dukani. Anayekarabati amerithi ukuta wa mtu mwingine. Nguzo imejitokeza sentimita 11, bomba linapita mahali pasipotakiwa, pembe ya nyuzi 90 ina nyuzi 92.

Sasa niseme jambo ambalo maseremala wenzangu hawapendi nilitaje. Kazi ya kuagiza si lazima iwe bora kuliko ya dukani. Inaweza kuwa mbovu kwa namna ambazo kiwanda hakiwezi, kwa sababu kiwanda kimeshakosea mara elfu na kurekebisha, na fundi wako pengine ndiyo anakosea kwa mara ya kwanza, kwa pesa zako.

Mimi nilikosea kwa mlango. Nilikuwa kijana, nilipata ubao mmoja mpana wa mbao ngumu, sentimita 50, bila kifundo hata kimoja. Nikautia katikati ya fremu na kuugandisha kwa gundi pande zote nne, nikijiona nimeimarisha. Mteja alifurahi. Miezi michache baadaye ukaja msimu mkavu, na usiku mmoja wakasikia mlio kama tawi kavu limekanyagwa. Asubuhi mlango ulikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, upana wa kuingia sarafu.

Sababu yake kila anayelipia mbao halisi aijue. Mbao haiachi kunywa na kutoa unyevu hata baada ya miaka 100. Chumba chenye unyevu wa hewa wa asilimia 65 kitaiweka mbao kwenye asilimia 12 hivi ya maji. Hewa ikikauka hadi 50, mbao inashuka karibu na 9. Kwa urefu wake haitikisiki. Kwa upana inavuta na kuachia: mbao nyingi zilizopasuliwa kwa namna ya kawaida husinyaa robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya maji inayopotea. Ubao wangu wa milimita 500 ukipoteza asilimia 4 unadai milimita 5. Mimi nilikuwa nimeufunga mikono na miguu, ukajipasua. Mlango unaotengenezwa sawasawa unakuwa na paneli inayoelea: imekaa ndani ya mfereji wa fremu, haina gundi, ina uwazi wa milimita mbili tatu kila upande. Ugonge kidogo utaisikia inacheza. Wateja wengine huniletea malalamiko kwamba paneli "imelegea". Huwaambia waombe Mungu iendelee kulegea.

Kwa hiyo muulize seremala wenu: mbao zimekaushwa hadi wapi, na umezipima kwa kifaa au kwa kuzishika? Mbao zifike nyumbani kwenu, au kwenye hewa inayofanana na ya kwenu, zikae wiki mbili tatu zimepangwa kwa vijiti katikati kabla hazijakatwa. Na rangi au vanishi ipigwe pande zote mbili za kila mlango. Ukipaka uso na kuacha mgongo, upande mmoja unapumua na mwingine umezibwa, mlango unakunjika kama jani.

Hayo yote yanahusu mbao halisi. Je, mnazihitaji? Sehemu kubwa ya jiko haizihitaji. Mwili wa kabati, ile sehemu ambayo hakuna anayeiona, mimi hutengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18, na chini ya sinki siweki kitu kingine. MDF, bodi ya nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ni nzuri kwa milango ya kupakwa rangi, kwa sababu nyuzi zake hazielekei upande mmoja, haivuti wala kuachia kama ubao, na rangi inalala juu yake kama kioo. Ila ikinywa maji inavimba na hairudi. Chipubodi, ile bodi ya chembe za mbao, yenye uso wa melamini (utando mgumu kama plastiki) si takataka kama wanavyoisema. Kwenye kabati la nguo, chumba kikavu, itakaa miaka. Jaribio ni la nyumbani: ombeni vipande vya masalia vya ubao ule ule atakaoutumia, pimeni unene, vitupeni kwenye ndoo ya maji usiku kucha, pimeni tena asubuhi. Kitakachofunguka tabaka au kuvimba kama mkate hakiendi karibu na bomba lenu.

Na harufu kali ya kabati jipya isipuuzwe. Gundi za bodi nyingi hutoa gesi ya fomaldihaidi. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Tafuteni bodi yenye alama ya E1, yaani inayotoa gesi hiyo kidogo, au bora zaidi, hakikisheni kila ukingo uliokatwa umefunikwa kwa utepe, hata ule wa nyuma usioonekana, na madirisha yakae wazi wiki za mwanzo. Hapa seremala na duka wako sawa, wote wananunua bodi kwa viwanda vile vile.

Rafu nazo zina ujanja wake. Rafu ikibeba mzigo ule ule kwa kila mita, ukiongeza urefu wake mara mbili, inajipinda mara 16. Ukiongeza unene mara mbili, unapunguza kujipinda mara 8. Vitabu vilivyopangwa vinakaribia kilo 30 kwa mita moja. Chipubodi ya milimita 18 isizidi sentimita 60 chini ya mzigo wa namna hiyo, plaiwudi naikubalia hadi 80. Mtu akichora rafu ya mita 1.2 bila mguu katikati kwa sababu "inapendeza", mchoro huo aubadilishe kabla hajakata.

Pesa yenu ya kweli iwekeni kwenye vyuma. Mlango unaofunguliwa mara 10 kwa siku unafunguliwa mara 3,650 kwa mwaka, mara 36,500 kwa miaka 10. Ubao hauchoki kwa hilo, bawaba inachoka. Hapa ndipo ninapomtaka seremala aache ubunifu kabisa: atumie bawaba za kujificha zenye kikombe cha milimita 35, ambazo ni za kawaida karibu dunia nzima, ili siku moja ikifa mnunue nyingine popote bila kumtafuta yeye. Reli za droo vilevile, zitoke nje mpaka mwisho. Chini ya kaunta chagueni droo kuliko rafu hata kama bei inapanda. Rafu yenye kina cha 60 ni ya kupigia magoti, na nyuma yake kuna vitu ambavyo hamtaviona mpaka siku ya kuhama.

Sasa nigawe kazi yenu kama ingekuwa ya kwangu.

Chini ya ngazi, seremala, bila kujadiliana. Hakuna kiwanda kinachouza pembetatu yenu. Mwambie atengeneze droo ndefu zinazovutwa kwa nje, maana kabati la kawaida lenye mlango hapo linageuka pango, kona ya ndani hakuna mkono unaoifikia. Angalieni tu kama nyuma ya droo hizo kuna swichi kuu ya umeme au koki ya maji. Mara nyingi zipo, na nimeshaona watu wamezifungia nyuma ya kazi nzuri sana.

Kabati la nguo, nunueni. Kina cha 60 kinatosha, henga ina upana wa 45 hivi na mabega ya nguo yanahitaji pumzi kidogo, na hiyo haibadiliki kwa mtu yeyote. Lakini kabla ya kulipa fanyeni hesabu moja. Kabati huunganishwa likiwa limelala sakafuni, kisha linasimamishwa, na wakati wa kusimama kinachopita chini ya dari ni mshazari wake. Kabati la kimo cha 265 na kina cha 60 lina mshazari wa karibu 272. Likisimama linaingia chini ya dari yenu ya 270, ila halitasimama kamwe. La 260 lina mshazari wa 267, linapita kwa taabu. Nimeitwa zaidi ya mara moja kuja kulikata miguu kabati jipya lililolala chumbani kama mgonjwa.

Jikoni, changanyeni. Maboksi ya chini ya upande ulionyooka nunueni tayari. Seremala apewe kona, ile sehemu ya karibu na sinki, makabati ya juu mpaka darini, na vipande vyote vinavyokutana na ukuta. Milango yote aitengeneze yeye ili sura iwe moja. Kwa mpangilio huo jiko lote linaonekana la kuagiza, na bei haifiki mara mbili. Seremala mwingine atanuna, atasema hafanyi kazi ya viraka. Mheshimu, tafuta mwingine. Kitu kimoja tu: asipime mara ya mwisho mpaka lipu imekauka na vigae vya sakafu vimelazwa. Vipimo alivyochukua sasa ni vya makadirio. Lipu mpya pekee inaweza kula sentimita mbili kila upande.

Kuhusu kuuza nyumba, nitakuwa mkali kidogo. Msijenge jiko kwa hesabu ya kurudishiwa pesa. Mnunuzi analipia anachokiona na anachokihitaji, na ubora wa viungo vya droo hauonekani akiwa anatembezwa dakika 20. Jiko zuri linasaidia nyumba ipendwe, hilo kweli. Lakini kadiri kazi inavyokuwa yenu zaidi, kaunta ya kimo chako, rafu za mkusanyiko wa shemeji, ndivyo inavyokuwa ya mnunuzi kidogo zaidi. Mkijua mtahama ndani ya miaka mitatu minne, nunueni vya dukani vilivyo vizuri na mpake ukuta rangi. Mkikaa 15, hesabu inageuka. Mtindo wa mlango wa kiwandani utakuwa umeshaondolewa sokoni, na mlango mmoja ukiharibika hamtapata mwenzake, ilhali seremala yeyote anaweza kunakili mlango wa mbao. Mbao halisi mtaipiga msasa na kuipaka upya mara kadhaa. Vinia, ule utando wa mbao unaobandikwa juu ya bodi, ina unene wa kama nusu milimita, ukiipiga msasa kwa hasira unatokea upande wa pili, na melamini haipigwi msasa kabisa.

Makadirio mliyopewa, je, yana mchoro? Kama ni karatasi yenye jumla moja chini, rudisheni. Yaandikwe unene wa bodi kwa kila sehemu, aina ya mgongo (wa milimita 3 unatetemeka, takeni 6 au zaidi), bawaba na reli gani, mikono mingapi ya vanishi, na nani anabeba gharama kipimo kikikosewa. Malipo yaende kwa hatua. Fungu la mwisho, hata la asilimia 10 tu, libaki mfukoni mwa shemeji mpaka kila mlango umerekebishwa baada ya wiki chache za matumizi, maana milango mipya hushuka kidogo vyombo vikishaingia, na fundi aliyelipwa yote simu yake huwa haishiki mtandao.

Ile milango miwili usiruhusu ipasuliwe. Mbao iliyokaa ndani ya nyumba miaka 30 imeshapunguza ukaidi wake, imezoea hewa ya hapo hapo, na ubao mpana wa namna hiyo sasa ni ghali kuupata. Mpe seremala, atapata nyuso za droo zote za chini ya ngazi na pengine rafu mbili juu. Kama ina rangi ya zamani, msiipige msasa mkavu wala kuichoma kwa moto, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Ikwanguliwe ikiwa imelowa, nje, na mtu avae barakoa ya kuchuja vumbi laini. Na kabla haijafika karakana kwake, kaeni wawili jioni moja mng'oe kila msumari, mpitishe sumaku juu yake. Msumari mmoja uliojificha unavunja meno ya msumeno, na meno hayo atayaweka kwenye bei.